Mwamba wa Shungi na Kunde za Maulidi

Wanangu mnaoingia katika kazi hii ya kulinda miamba, mna simu zinazopiga picha chini ya maji na miwani isiyovuja. Ninawaonea wivu, wivu wa kheri. Sisi tulipokezana miwani moja iliyovuja hivi kwamba ukidhani umeona samaki, huenda ni tone la maji limekupita mbele ya jicho. Sasa nimestaafu, magoti yananiuma nikikaa katika maji baridi, na nimeombwa niwaandikie yale niliyojifunza. Mengi niliyajifunza kwa kukosea. Msiwe na haraka ya kunihurumia. Someni tu, mkosee makosa mapya, yale yangu yameshatosha.

Kabla ya kujua jina la tumbawe lolote, jifunzeni kuelea. Mwamba hauvunjwi na nyavu peke yake, huvunjwa pia na mguu wa mtu aliyekuja kuulinda. Mgeni wa bahari akiingiwa na hofu huteremsha miguu atafute pa kusimama, na anaposimama pana wanyama waliochukua umri wa mtu mzima kujenga nyumba yao. Fungeni mikono kifuani, miguu iwe nyuma, macho chini, pumzi polepole. Miwani ikiingia ukungu, itemeeni mate, mpanguse kwa kidole, msuuze. Hakuna dawa ya dukani iliyonisaidia zaidi ya mate. Na nanga iteremsheni mchangani, hata kama itawabidi kuogelea kidogo zaidi. Nimewahi kuwaona watu wanakwenda kuhesabu matumbawe, na nanga yao imelala juu ya yale wanayoyahesabu. Mmoja wao alikuwa mimi.

Mimi ni mtu wa Matondoni, kisiwani Lamu. Marehemu baba alikuwa fundi wa mashua, na alitaka nishike tezo ya kuchongea mbao kama yeye. Lakini nilimaliza kidato cha nne, nikaona tezo si ya msomi, nikaingia kazi ya usaidizi katika ofisi ya samaki. Watu wa visiwani wakaniita Bwana Samaki. Cheo hicho hakikuwa changu, kilikuwa cha mkubwa wangu, lakini sikuwahi kumsahihisha mtu.

Baadaye nikapelekwa kuwa mkufunzi msaidizi katika kijiji kimoja kidogo cha kisiwa cha Pate, mwendo wa mguu kutoka Siyu. Sikitaji jina kwa sababu watu ninaowasimulia wako hai na wana midomo. Mtaalamu wetu wa miamba alikuwa kijana aitwaye Bwana Kioko, mzaliwa wa Kitui. Wavuvi walipomwona mara ya kwanza, mwenyekiti wa kamati ya pwani, Mzee Famau, aliuliza mbele yake bila haya, "Huyu ndiye atakayetufundisha bahari? Kwao maji si huchimbwa kwa jembe?"

Kioko akacheka. "Ndiyo, Mzee. Mtoni kwetu unachimba mchanga mpaka ukute maji. Ndiyo maana nikiyaona mengi hivi sithubutu kuyadharau."

Jioni Mzee Famau alimpelekea mkate wa mofa kwa mkono wake mwenyewe. Kutoka siku ile hawakuachana. Nimefanya kazi na wataalamu wengi, wanangu, na wapo waliokuja na majibu yao ndani ya mkoba. Kioko alikuja na maswali. Akimkuta mtu anakarabati lema, mtego wa samaki wa fito, anaketi, anashika upande wa pili wa ufito, kisha anauliza samaki gani huingia na gani hukataa, na kwa nini. Na yeye naye akiulizwa hujibu kwa maneno ya kawaida. Sijaona mtu aliyeipenda elimu yake bila kujivuna nayo kama yule.

Nilihitaji subira yake. Mwaka mmoja joto lilizidi baharini, na siku moja nilipoingia majini nikayakuta matumbawe yamegeuka meupe, yanang'aa kama vikombe vya harusi. Nikafurahi. Nikawachukua wageni wawili kwa boti, nikawaambia watazame mwamba ulivyotakata. Kioko aliporudi kutoka Mombasa nikampa habari hiyo kama mtu anayeleta habari ya mtoto kuzaliwa. Akavaa miwani, akazama, akarudi juu, akashika ukingo wa boti. Kisha akasema taratibu, "Bwana Lali, hayajatakata. Yanakufa njaa."

Akanieleza kwamba rangi ya tumbawe ni ya vijimea vidogo vinavyoishi ndani yake na kulipikia chakula, na maji yakipata joto mno, hao wapishi hufukuzwa. Tumbawe jeupe bado lina uhai, lakini jiko lake limezimika. Maji yakipoa mapema, wapishi hurudi. Yasipopoa, kinachobaki ni jiwe lililoota ugugu wa mwani. Hatuwezi kuipoza bahari kwa mikono, alisema. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba mgonjwa hakanyagwi, hakokotwi na nyavu, na samaki wanaokula ugugu wapo wa kutosha ili mwamba upate kupona. Maneno hayo niliyarudia katika mafunzo kwa miaka mingi kana kwamba niliyatunga mimi.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Tulikuwa na kazi ya kupandikiza vipande vya matumbawe vilivyovunjika, tukivishikiza juu ya matofali madogo ya saruji. Wafadhili walikuwa wanakuja kututembelea, nami nikataka wakute bustani. Nikapanga matofali mahali pazuri pasipo kina, mgeni aone vizuri bila kulowa shingo. Siku hizo yalikuwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kutoka sana. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaenda zao. Ilipofika bamvua maji yakatoka yakaenda mbali, na bustani yangu ikabaki juani saa kadhaa kama ng'onda, samaki aliyeanikwa. Mimi, mtoto wa Matondoni, niliyekua nikitazama mashua zikikwama na kuelea kwa bamvua, nilisahau bamvua kwa sababu ya wageni. Liangalieni neno hilo, wageni. Litanirudia.

Sasa niwaeleze juu ya Bi Mwanaesha, maana bila yeye kumbukumbu hizi zingekuwa orodha ya makosa tu.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na kazi yake ilikuwa pweza. Katika kijiji kile wanaume huvua kwa boti na wanawake hutembea juu ya mwamba maji yakitoka, kila mmoja na chuma chake chembamba na kapu. Sisi tulianza mafunzo na wanaume watupu. Wiki ya pili Bi Mwanaesha akaja na wenzake watatu, akauliza mafunzo ya mwamba yanafanyikaje bila watu wanaoutembea. Hatukuwa na mkufunzi wa kike. Kwa hiyo nikawafundisha kuelea kwa njia ambayo haimo katika kitabu chochote. Tulikwenda kwenye mkono wa bahari nyuma ya mikoko, wao wakaingia majini na nguo zao, nami nikaketi katika mtumbwi nikiwapa mgongo, napiga kelele kuelekea mikokoni.

"Tieni uso majini. Mmetia?"

"Tumetia."

"Vuta pumzi kwa mrija. Bi Mwanaesha, umevuta?"

Kikohozi kirefu. "Nimenwa mai, Bwana Samaki," akasema kwa Kiamu chake, yaani amekunywa maji. "Pumzi sijaiona."

Wenzake wakacheka mpaka kunguru wakaruka. Lakini kila asubuhi maji yakiruhusu alirudi. Alipoweza kuelea, akaweza na kuzama, na siku Kioko alipowapima waliohitimu kuhesabu samaki kando ya kamba iliyotandazwa majini, Bi Mwanaesha alitoka majini akamwambia, "Miaka yote nikiuvua mwamba huu kutoka juu. Kumbe nilikuwa nikitembea juu ya paa la mji." Kioko akaomba ruhusa ya kulitumia neno hilo. Akapewa, kwa sharti aseme ni la nani. Amekuwa akisema.

Sehemu ya mwamba mbele ya kijiji inaitwa Mwamba wa Shungi, kwa vile mawimbi huufunika utosi kwa povu jeupe. Matumbawe yake yalikuwa yamechoka, na pweza waliotoka humo walikuwa wadogo, wa kutia huruma. Kioko alieleza kwamba pweza hukua upesi kuliko karibu kila kinacholiwa baharini, na ukimwacha miezi michache tu, unamkuta mtu mzima. Ukiufunga mwamba, pweza anakua, samaki wachanga wanapata pa kujificha, na matumbawe yanapumzika na miguu yetu. Wazo likajadiliwa muda mrefu. Ni Bi Mwanaesha aliyewashawishi wanawake, na kwao haikuwa rahisi. Mwanamume akifungiwa Shungi ana boti, atakwenda kwingine. Mwanamke akifungiwa, miguu yake haina mwamba wa pili. Wakakubali kufunga hadi bamvua iliyochaguliwa, siku ambayo wote wangeingia pamoja. Tukaweka maboya ya madumu yaliyopakwa rangi, tukasoma Fatiha ufuoni, na kila mtu akapangusa uso kwa mikono akarudi nyumbani.

Kufunga kulikwenda vizuri mpaka ilipokaribia Maulidi ya kijiji.

Ulikuwa msimu wa kusi, bahari ya nje imechafuka, boti ndogo hazitoki. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Lamu mjini, Siyu na Matondoni. Mnajua wenyewe Maulidi ni nini kwetu. Mgeni haji kwa ajili yako, anakuja kwa ajili ya Mtume, na akirudi kwao na njaa, aibu yako itasimuliwa hata na watoto wako. Mchele ulikuwapo, nazi zilikuwapo. Samaki hawakuwapo, ila ndani ya maboya.

Mzee Famau akanijia nyumbani nilikopanga. "Bwana Samaki, twataka siku moya tu. Tuufungue asubuhi, tuufunge jioni."

Kioko alikuwa safarini. Nilijua jibu sahihi kama ninavyojua jina langu. Lakini kati ya wageni wa Matondoni alikuwamo shemeji yangu Athman, na Athman ni mtu wa mzaha usiokwisha. Nikamwona akilini anakula wali mkavu katika kijiji ambacho mimi ndiye niliyekifungia samaki. Nikasema, "Siku moja haitaharibu kitu, Mzee." Tena nikamshauri asimwambie Bi Mwanaesha mpaka samaki wafike jikoni.

Ushauri huo ulikuwa wa kipumbavu, kwa kuwa kiongozi wa jiko la Maulidi alikuwa Bi Mwanaesha mwenyewe. Mpishi mkuu akiambiwa akune nazi za mchuzi wa samaki na bahari imechafuka, atauliza samaki hao wanatoka wapi.

Baada ya swala ya alasiri wanaume tulikuwa barazani pa msikiti tukipanga nani aingie na nyavu. Tukawaona wanawake wanakuja, wakasimama upande wa kisima, Bi Mwanaesha mbele, mikono bado ina machicha ya nazi. Akatoa salamu, akaitikiwa.

"Mzee Famau," akasema, "nimekuja kuuliza moja. Fatiha tulosoma pale ufuoni, tuliisomea nini?"

Mzee Famau akakohoa. "Tuliusomea mwamba. Lakini hawa ni wageni wa Mtume, Bi Mwanaesha. Si wageni wangu wala wako."

"Mtume, kabla hajaitwa Mtume, watu wa mji wake walimwitaje?"

Kila mtu alijua. Al-Amin, muaminifu, mtu ambaye hata wasiomfuata walimwachia amana zao.

"Basi wageni wake tuwalishe amana tuliyoivunja?" Hakupaza sauti. "Wanawake hawa hawajashika chuma tangu siku ile. Mimi ndiye niliyewaambia subirini. Leo nyavu zikiingia, kesho mashua za mbali zitaingia, nazo hazitatoka jioni. Nami nitawambiaye hawa, niwape maneno gani?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, Bwana Samaki, uliyetufundisha kuelea, wasemaye?"

Wanangu, hapo palikuwa mahali pangu pa kusema nimekosea. Badala yake nilisema tena, mbele ya kijiji kizima, kwamba siku moja haitaharibu kitu. Nilijisikia nikisema. Mwanamke mmoja nyuma yake akasema, "Huyo bado yupo mtumbwini, ametupa mgongo." Wanawake wakacheka, na baadhi ya wanaume pia, na walikuwa na haki.

Mzee Famau hakucheka. Yeye ndiye ambaye jina lake lingetajwa kama wageni wangelala na njaa, na angeweza kutumia uenyekiti wake kumaliza mjadala. Akauliza, "Jikoni kuna nini, Bi Mwanaesha?"

"Kunde. Na kila nyumba ina kipande cha papa mkavu juu ya moshi, hata ninyi mnaojifanya hamna."

"Basi iwe kunde," akasema Mzee Famau.

Ikawa kunde. Zikapikwa kwa tui zito la nazi, papa mkavu akachambuliwa ndani yake kidogo kidogo mpaka kila sinia ikapata harufu yake, ingawa si kila mkono ulipata nyama. Baada ya kisomo sinia zikaja. Shemeji yangu Athman akatazama sinia, akanitazama mimi, akatazama tena sinia.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya kusikika sinia tatu mbele, "nimevuka bahari mbili nikaja kwa wavuvi, nakuta kunde. Samaki wenu wamekwenda Hija?"

Watu wakacheka. Nikatafuta pa kuuficha uso. Lakini Mzee Famau akainuka, mkono mmoja umeshika nguzo, akasema, "Samaki wetu wapo, Athman. Wapo pale mbele, mtu akisimama ufuoni maji yakitoka atauona mwamba wao. Tumeuweka amana, na siku yake haijafika. Nilitaka kuivunja kwa ajili yenu. Nikakatazwa na mtu mwenye imani kuliko mimi. Kuleni kunde, na mkirudi kwenu semeni mlikula kunde mbele ya mwamba uliojaa."

Athman akatia mkono siniani. Kisha akauliza mwamba hufungwaje, nani huulinda, na unafunguliwa lini. Wa Siyu na wa Lamu nao wakauliza, maswali yakaendelea mpaka chai. Tulikuwa tumezunguka visiwa kwa miezi tukiwa na mabango na vipaza sauti, na watu walikuja, wakasaini, wakaondoka. Kunde zile zilifika mbali kuliko sisi. Mashua za nje zilizopita karibu na madumu yetu baada ya hapo ziligeuza omo, zikaelekea kwingine. Nahodha mmoja aliniambia waziwazi: mwamba ambao wenyewe hawakuugusa kwa Maulidi, yeye ataugusa kwa uso gani?

Msidhani kila kitu kilinyooka. Kuna watu walioiba usiku. Kuna boya lililokatwa. Matumbawe mengine yaliyopata joto hayakurudi, na mimi siwezi kuwaahidi kwamba yajayo yatarudi. Na siku hizi boti nyingi zaidi huja upande wetu, kwani upande wa Kililana, penye bandari mpya, wengi wamebadilisha mahali pa kuvua. Mtakuwa na kazi. Nawaambia tu niliyoyaona: mwamba haukulindwa na maboya, ulilindwa na watu waliokuwa na njaa wakatazama upande mwingine.

Bamvua ya kufungua ilipofika, kijiji chote kilishuka ufuoni. Kioko alikuwa amerudi, na nilikuwa nimemsimulia yote bila kujipunguzia. Wanawake waliingia kwanza, ndivyo ilivyoamuliwa, na wanaume wakasubiri. Walitembea kwa mstari juu ya mchanga na mawe makavu, wakikwepa matumbawe, hakuna aliyewakumbusha. Haukupita muda Bi Mwanaesha akavuta pweza ambaye mikono yake ilimfunga yeye mkono mzima mpaka begani, na kelele za furaha zikasikika pande zote za mwamba.

Nikamfuata nikiwa nimekunja suruali. "Bi Mwanaesha," nikasema, "siku ile msikitini nilikosea."

"Nayua," akasema. "Shika kapu."

Nikashika kapu. Tukaenda hivyo, yeye mbele na chuma, mimi nyuma na mzigo, mpaka tukafika kwenye shimo ambalo mlango wake ulikuwa umezibwa kwa mawe madogo yaliyopangwa kwa ndani. Akainama, akasogeza jiwe moja kwa ncha ya kidole. Ndani palikuwa na pweza mkubwa kuliko wote tuliokwisha kuwaona, amejibana kwenye paa la shimo, hakimbii. Nikaweka kapu tayari.

Bi Mwanaesha akalirudisha jiwe mahali pake, akalikandamiza kidogo lisianguke.

"Mbona?" nikauliza. "Leo si tumefungua?"

"Ana mayai," akasema, akapita.

Nyuma yetu alikuja mwanamke mwingine, akainama mahali palepale, akalitazama jiwe, naye akapita. Kisha mwingine. Hakukuwa na sheria hiyo kwenye makubaliano yetu. Nilisimama pale na kapu, maji yakianza kurudi miguuni, nikihesabu wanawake waliopita bila kuligusa, mpaka wa mwisho akaniuliza kama nimekwama.